Selous Scouts hawakuwa askari wa wanyamapori

Maswali kuhusu Selous Scouts yamezidi mezani kwetu hapa kwenye nyaraka, na mengi yanaanzia pabaya: eti kilikuwa kikosi cha kulinda tembo kule Rufiji. Hapana. Kikosi hicho na Pori la Akiba la Selous vilichangia jina tu, la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi akafa Beho Beho, Januari 1917.

Kikosi kilikuwa cha jeshi la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, enzi za utawala wa Wazungu wachache. Kiliundwa mwaka 1973 chini ya Ron Reid-Daly, kikavunjwa 1980. Hadharani kilitajwa kuwa cha wafuatiliaji nyayo. Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya wapigania uhuru. Mbinu hiyo Waingereza walishaitumia Kenya dhidi ya Mau Mau. Askari, wengi wao Waafrika, pamoja na wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa, waliingia kijijini na mavazi na bunduki za ZANLA au ZIPRA, majeshi ya wapigania uhuru, wakaomba sadza (ugali), wakaulizia makomredi wengine wamepita wapi. Mama aliyepika na mujiba, kijana msaidizi wa wapigania uhuru, aliyeonyesha njia wakawa wamejichongea. Vikosi vingine vya serikali vilikatazwa kuingia eneo ambalo Scouts walikuwa kazini, wasije wakauana wenyewe.

Tarehe 9 Agosti 1976 walivuka hadi Nyadzonya, Msumbiji, kwa magari yaliyopakwa rangi za FRELIMO, chama kilichotawala Msumbiji. Walinzi wakafungua geti. Waliokuwa uwanjani wakayakimbilia magari kwa furaha. Waliouawa walizidi 1,000. Rhodesia ilidai ni kambi ya wapiganaji. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliitambua kuwa ya wakimbizi.

Sasa mtu anakuja na kutaka faili la "nani hasa alichoma kijiji fulani". Jamani! Shahidi akisema "walikuwa makomredi", ameeleza sare alizoziona. Na nyaraka nyingi za Rhodesia zilichomwa au kuhamishiwa Afrika Kusini.

Kwa wanaotaka kusoma tulivyo navyo: barua ya utambulisho, kitambulisho, na penseli. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea, hata ikiwa na kifuniko. Picha ni kwa kibali cha maandishi, kinachotaja kurasa. Ukikutwa unapiga bila kibali, kadi yako inafutwa siku hiyohiyo, na kurudi ni kwa barua mpya, si ile ya zamani iliyogongwa muhuri tena. Magazeti ya miaka ya 1970 hayahitaji kibali chochote. Ndiyo hayo hakuna anayeyaomba.