Mwili mkubwa, eneo dogo: kona iliyo karibu tupu

Chora grafu: mstari wa chini uwe uzito wa mnyama, wa kusimama uwe ukubwa wa eneo lote inakopatikana spishi yake. Kila spishi ipe nukta moja. Wengi hutarajia nukta zipande kama ngazi, mwili ukikua na eneo likipanuka. Hazipandi hivyo. Mwaka 1989, wanaikolojia James Brown na Brian Maurer walipowachunguza ndege na mamalia wa Amerika Kaskazini, nukta za wanyama wadogo zilitapakaa juu hadi chini, za wakubwa zikabaki juu. Kona ya mwili mkubwa na eneo dogo ilikuwa karibu tupu, na mimi naona hapo ndipo penye habari.

Wadogo hawabanwi na kanuni hii. Chura wa Kihansi, wa bonde la mto Kihansi nchini Tanzania, asiyefika sentimita 3, aliishi kwenye hekta 2 hivi za majani yanayoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto, na bado walikuwa maelfu. Kirukanjia mmoja wa gramu 2 tu ameenea toka kusini mwa Ulaya hadi Asia.

Sasa mweke tembo kwenye hekta 2 hizo. Tembo dume hula hadi kilo 150 kwa siku! Tena spishi haiendelei kwa mnyama mmoja; wanatakiwa wengi, ili ukame au maradhi yakipita wabaki wa kuzaana. Kila mmoja akidai kilometa zake za mraba, eneo dogo huishia kuwa na wanyama wachache, na wachache humalizika upesi. Ndiyo maana kona ile haijai.

Kwa hiyo nikikuta nukta hapo, huuliza imepatwa na nini. Hirola, aina ya swala, ana kilo 100 hivi, lakini makao yake ya asili yamebaki mpakani mwa Kenya na Somalia, na idadi yake haifiki 500. Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, ilimpukutisha miaka ya 1980.

Chura naye aliponea chupuchupu: maji yalichepushwa kwa ajili ya umeme, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliozalishwa Marekani walianza kurudishwa bondeni mwaka 2012, na manyunyu sasa yanasaidiwa na mabomba. Kwa hirola kazi ni ngumu zaidi, maana nyika zake za majani zimevamiwa na miti, na hizo ni kilometa za mraba kwa maelfu.