Je, wajua? Kwa nini habu moja ikigoma, magurudumu yote mawili ya mbele huacha kuvuta

Pikapu imezama kwenye tope. Taa ya 4WD (magurudumu yote manne kuvuta) inawaka, magurudumu ya nyuma yanazunguka na kurusha matope, lakini ya mbele yametulia. Fundi akikagua anakuta habu ya kushoto tu, yaani kiungo kati ya gurudumu na shafti inayolizungusha, ndiyo haijashika. Ya kulia ni nzima kabisa. Mbona basi gurudumu la kulia nalo halikuvuta?

Wengi hufanya hesabu ya haraka: manne ukitoa moja, yanabaki matatu. Kwa hesabu hiyo dereva huingia porini na habu moja mbovu akiamini amepungukiwa na robo tu ya nguvu, kumbe amepoteza ekseli nzima ya mbele. Taa nayo humtia moyo bure. Kwenye magari mengi huwashwa na swichi iliyo kwenye transfa, yaani gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ikiwaka, ujue transfa imeingia, basi. Yanayotokea baada ya hapo, kwenye propela (inayopeleka nguvu hadi ekseli), difu (gia inayoigawa kulia na kushoto), shafti na habu, taa hiyo haiyapimi.

Habu hukaa katikati ya gurudumu la mbele. Ndani yake kuna pete yenye meno inayoteleza: ikiingia, shafti na gurudumu huzunguka pamoja, ikitoka, gurudumu huzunguka peke yake.

Difu ya kawaida, isiyo na loki (kifungio kinacholazimisha shafti zote mbili zizunguke pamoja), hugawa nguvu ya mzunguko sawasawa kulia na kushoto, na usawa huo ndio chanzo cha tatizo. Pitisha kamba kwenye kapi, ncha moja uifunge kwenye gogo zito, nyingine uiache huru. Sasa inua kapi. Ncha iliyo huru itapanda mbio na gogo halitatikisika, hata uwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu kamba haiwezi kukaza upande mmoja huku upande wa pili umelegea. Shafti ambayo habu haikuishika ndiyo ncha huru. Gurudumu zima lililokwama ndilo gogo. Ajabu zaidi, ncha huru hupanda kwa mwendo mara mbili ya ule wa kapi, na shafti nayo huzunguka mara mbili ya kasi ya gia kubwa ya difu, ndani ya gari ambalo halijasogea hata hatua moja! Difu ya mbele ikiwa na loki, na loki hiyo imefungwa, mambo hubadilika: gurudumu zima huvuta.

Kwa nini habu igome? Mara nyingi ni grisi iliyozeeka na kuganda, maji yaliyopenya na kuleta kutu, au springi iliyochoka. Kujaza grisi nyingi ndani ya habu ni kosa. Pete inahitaji kupakwa kidogo tu ili iteleze. Pengine hakuna kilichoharibika: umezungusha kitufe cha habu hadi LOCK (funga), lakini jino limekutana na jino. Sogeza gari kidogo, pete itaingia.

Kuipima habu ya mkono, ile inayofungwa kwa kitufe hicho, ni rahisi. Zima injini, zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uegemeze gari kwenye stendi imara, transfa ikiwa 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu). Weka LOCK, zungusha gurudumu kwa mkono huku ukiitazama shafti nyuma yake. Gurudumu likizunguka na shafti ikabaki imetulia, habu haijashika. Rudia upande wa pili, hata kama huna shaka nao.

Kipimo hiki hakifai kwa kila pikapu. Habu nyingi za otomatiki hufunga shafti inapoanza kusukuma, kwa hiyo mkono peke yake hautoshi. Baadhi ya Toyota Hilux hazina habu za kufungua kabisa. Kwao shafti ya upande mmoja hutenganishwa kwenye difu. Nazo Ford F-150 nyingi tangu 2004 zina mpango wa kinyume: ombwe (nguvu ya kunyonya hewa) kutoka kwenye injini ndilo linalozuia habu zisishike. Mpira wa ombwe ukipasuka, habu hujaribu kushika zenyewe, nusunusu, na meno husagana. Ukisikia msago huo mbele ukiwa kwenye 2WD (magurudumu mawili tu yanavuta), kagua mipira na vali za ombwe kabla ya kununua habu mpya.