Juisi ya boksi si chakula cha mgonjwa

Saa za kuona wagonjwa zikifika, kwenye geti la hospitali utawakuta watu wamebeba vitu vilevile: ndizi, maji ya chupa, chapati na maharage ndani ya hotipoti, na boksi la juisi la lita moja. Boksi hilo limejijengea heshima. Soda mtu huona aibu kumpelekea mgonjwa, ila juisi inahesabiwa kuwa matunda. Kwa imani hiyohiyo mzazi hutia kiboksi cha mrija kwenye begi la mtoto wa chekechea kila asubuhi. Sisi wa lishe tunaliona kinyume: mgonjwa na mtoto mdogo ndio watu ambao juisi hiyo huwafaa kidogo kuliko wote.

Ligeuze boksi usome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta maji, kisha sukari, kisha juisi ya embe iliyokolezwa, halafu asidi ya sitriki, ladha na rangi, ujue umenunua maji ya sukari yaliyoonjeshwa embe. Na si lazima kuwe na udanganyifu hapo. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu kinywaji cha aina ya nekta, yaani juisi iliyochanganywa na maji na mara nyingi sukari, kiwe na tunda asilimia 25 tu kwa baadhi ya matunda, na vile vinavyouzwa kama vinywaji vyenye ladha ya matunda huweza kuwa na tunda dogo zaidi ya hapo. Embe nono lililochorwa mbele ni la kuvutia macho tu.

Wapo watakaosema wao hununua ile ya asilimia 100, isiyoongezwa sukari. Ni afadhali, lakini afadhali hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Juisi halisi ya machungwa ina sukari takriban gramu 8 hadi 10 katika kila mililita 100, ya tufaha inafika 10 au 11, na ya zabibu hukaribia 15. Soda ya kola ina kama 10 au 11. Kwa hiyo glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina vijiko vya chai vitano au sita vya sukari, hata kama hakuna mtu aliyetia hata chembe kiwandani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50, au 25 ukitaka kuwa upande salama zaidi. Sukari ya juisi imo kwenye hesabu hiyo, pamoja na asali na ile tunayotia kwenye chai. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo.

Kinachotofautisha ni makapi mlo, yaani zile nyuzinyuzi zinazobaki kiwandani, pamoja na kazi ya kutafuna. Glasi moja hutoka kwenye machungwa kama matatu. Kula matatu mfululizo, na utando wake, ni shughuli; tumbo linajaa kabla hujamaliza. Kuyanywa ni suala la dakika moja, na baada ya hapo bado unakula mlo wako kama kawaida. Sukari huingia kwenye damu kwa kasi, na ini hupokea fruktosi, yaani sukari ya matunda, nyingi kwa mpigo. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard waliochambua taarifa za watu zaidi ya 187,000 walikuta kwamba waliokula matunda mazima, hasa zabibu na tufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, wakati wanywaji wa juisi walikipata zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba juisi ndiyo chanzo, lakini unaendana na tunachokijua kuhusu mwili.

Sasa turudi wodini. Mwenye kisukari, sababu tumeshaiona. Mwenye figo zilizochoka huenda daktari amemzuia madini ya potasiamu, na juisi ya machungwa imejaa potasiamu. Balungi hugombana na baadhi ya dawa za presha na za kupunguza lehemu (kolesteroli). Na mtoto anayeharisha asipewe kabisa juisi yenye sukari nyingi, kwa sababu sukari hiyo huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo na kuharisha kunazidi. Anachohitaji ni ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, zinki, na kuendelea kunyonya kama bado ananyonya.

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa msimamo mwaka 2017: chini ya mwaka mmoja, juisi hapana; mwaka mmoja hadi mitatu, isizidi mililita 120 kwa siku, na iwe halisi. Kiboksi cha mililita 200 kimeshavuka hapo. Meno nayo yana kesi yake. Juisi ni tindikali hata bila sukari, na mtoto anayevuta mrija kidogo kidogo asubuhi nzima anayaogesha meno yake tindikali saa zote hizo. Anywe na chakula, amalize, asukutue kwa maji.

Ya kusaga nyumbani nayo ukiichuja na kuitia sukari, umerudi palepale.

Yupo mgonjwa mmoja ambaye kwake juisi ni dawa: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa kwa sababu sukari imeshuka. Kama bado anaweza kumeza, mpe zaidi kidogo ya nusu glasi, kama mililita 150, subiri dakika 15, kisha mpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Akiwa amepoteza fahamu usimtilie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.