Montuno: Mzunguko wa Piano Unaobeba Bendi ya Jazi ya Kilatini

Montuno ni mzunguko mfupi, kwa kawaida wa vipimo viwili au vinne (kipimo ni fungu la mapigo manne), ambao mpiga piano huurudia mfululizo huku ngoma, besi na matarumbeta yakijengwa juu yake. Jina hilohilo hutumika pia kwa sehemu ya wimbo ambapo mwimbaji na waitikiaji hujibizana. Hapa tunaueleza mzunguko wa piano.

Asili yake ni tres, gitaa la Kuba lenye jozi tatu za nyuzi, katika muziki wa son wa mashariki ya kisiwa hicho. Arsenio Rodríguez, mpiga tres kipofu, alipoipanua bendi yake Havana mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa kuongeza piano, konga (ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja) na tarumbeta, piano nayo ikaingia katika kazi hiyo ya nyuzi. Anayependa rumba ya Kongo ameshaisikia kazi hii bila kuijua jina: santuri za Kuba zenye alama ya GV zilifika Afrika kuanzia miaka ya 1930, na huku kwetu mzunguko ule ukawa wa gitaa.

Huwezi kuipiga montuno kabla ya kuielewa klave. Klave ni mapigo matano yaliyogawanywa katika vipimo viwili: upande mmoja una mapigo matatu, mwingine mawili. Hesabu kwa sauti «moja na mbili na tatu na nne na», mara mbili. Klave ya son inayoanza na upande wa mawili hugonga kwenye mbili na tatu katika kipimo cha kwanza. Katika cha pili hugonga kwenye moja, kwenye «na» inayofuata mbili, kisha kwenye nne. Wimbo ukianza na upande wa matatu, geuza vipimo hivyo. Klave haibadiliki katikati ya wimbo. Upande unaosikika kwanza unaweza kubadilika tu kwa sababu sehemu fulani ya wimbo ina idadi witiri ya vipimo.

Sasa montuno yenyewe, ile ya msingi. Katika kipimo cha kwanza piga moja, mbili, «na» ya mbili, «na» ya tatu, «na» ya nne. Katika kipimo cha pili usiguse pigo lolote kamili: piga «na» zote nne tu. Jumla unagonga mara tisa, na mara mbili tu kati ya hizo ndizo zinazokaa juu ya pigo kamili. Kanuni ya kushika ni hii: kipimo kinachoanza na moja kinakaa pamoja na upande wa mawili wa klave. Ukikigeuza, bendi inakuwa imevuka klave, na wacheza dansi hukosa mahali pa kukanyaga hata kama hawajui kueleza kilichoharibika.

Kwa sauti za kubonyeza, anza na ufunguo wa Do na kodi nne (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja): Do, Fa, Sol, Fa, kila moja nusu ya kipimo. Mikono yote miwili hupiga mstari mmoja, kila mkono katika oktava yake (oktava ni umbali wa Do moja hadi Do inayofuata), na mkono wa kulia hujaza sauti za katikati. Mwenye viganja vidogo aache oktava za mkono wa kushoto, apige sauti moja moja. Jambo linalowasumbua wengi ni kutangulia: «na» ya mwisho ya kipimo tayari hubeba kodi ya kipimo kinachofuata. Besi nayo hufanya vivyo hivyo kwenye pigo la nne, na mara nyingi huliacha pigo la moja kimya kabisa. Mpiga besi aliyezoea kutua kwenye moja huuangusha mdundo wote chini.

Anza taratibu, mapigo 90 hivi kwa dakika, mwenzako akigonga klave. Kwenye jukwaa kasi huwa kati ya 160 na 220, na mzunguko unaweza kuendelea dakika nyingi. Mkono ukikakamaa kuanzia kiwiko, oktava zitachelewa, kwa hiyo kifundo kibaki legevu. Kanyagio la kurefusha sauti usiliguse: sauti zikimiminikiana, zile «na» hazisikiki tena.

Ndiyo maana mara nyingi kiongozi wa bendi za aina hii huwa mpiga piano. Akipiga vipimo vinne peke yake ameshatangaza ufunguo, kasi, kodi na upande wa klave. Konga haiwezi kutoa kodi, na tarumbeta haiwezi kushika mdundo namna hiyo kwa muda mrefu.

Eddie Palmieri ndiye mfano bora tunaoufahamu. Alizaliwa New York mwaka 1936 kwa wazazi waliotoka Puerto Rico, akapiga timbale, ngoma za chuma zinazopigwa kwa vijiti, katika bendi ya mjomba wake alipokuwa na miaka 13, na hilo linasikika katika kila mguso wake wa piano. Mwaka 1961 aliunda La Perfecta. Badala ya tarumbeta aliweka tromboni mbili, za Barry Rogers na José Rodrigues, na juu yake filimbi ya George Castro. Ndugu yake Charlie, naye mpiga piano, aliuita mpangilio huo trombanga. Tromboni zilijenga moña, yaani vipande vifupi vinavyorudiwa na kupandana, mara nyingi vikibuniwa papo hapo, nayo piano ikabaki chini kama sakafu. Mwaka 1994 Palmieri alirekodi bila mwimbaji, akiwa na tarumbeta ya Brian Lynch, saksofoni ya Donald Harrison na tromboni ya Conrad Herwig. Pale utasikia kodi nzito za jazi, zenye athari ya mpiga piano wa jazi McCoy Tyner, zikikaa juu ya klave bila kuigusa vibaya.

Mpiga piano wa jazi anayeingia bendi hizi hukosea zaidi kwa kutaka kubadilisha. Katika jazi anasifiwa akipachika kodi kila mara mahali papya. Hapa uthabiti ndio unaowapa wenzake uhuru. Mpiga ngoma naye asiyumbishe nusu za pigo kama katika swingi: ziwe sawasawa.

Shida ya mwisho ni solo ya piano yenyewe, kwani montuno ikikoma, sakafu inatoweka. Baadhi huendeleza mzunguko kwa mkono wa kushoto na kupiga solo kwa wa kulia, jambo linalohitaji mazoezi ya miaka. Njia rahisi ni besi na konga kushikilia sehemu zao bila mapambo, na kengele kuendelea, hadi mpiga piano arudi kwenye oktava zake. Matarumbeta hayaingii mpaka mzunguko huo usikike tena angalau mara moja kamili.