Divai nyekundu haiongezi damu, shangazi

Safari hii ilikuja kwenye chupa ya chai yenye maua ubavuni, imefunikwa na kanga. Napita kuangalia dripu, harufu ikanipokea. "Shikamoo shangazi, humo mna nini?" "Marahaba mwanangu. Ni ya damu tu hii, siyo pombe." Ilikuwa divai nyekundu, ile tamu ya Dodoma, na mgonjwa alishanyweshwa nusu kikombe alfajiri ili "damu iwe juu" akifika kupima.

Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kuchanganya hizi kemo, yaani dawa za saratani, na wimbo huu nimeuchoka. Rozela, bitiruti, divai: kila chenye rangi nyekundu kinaongeza damu. Kwa hesabu hiyo doxorubicin, moja ya kemo zetu, ingekuwa bingwa, maana ni nyekundu ya kung'aa na siku ukiwekewa hata mkojo unatoka mwekundu. (Si damu hiyo, usikimbilie zahanati.) Kumbe ni miongoni mwa dawa zinazoishusha damu vibaya kabisa.

Tukisema damu yako haitoshi kupewa dozi, mara nyingi hatuzungumzii HB, yaani himoglobini ya kwenye seli nyekundu. Kwenye ile karatasi ya FBP, kipimo cha kuhesabu seli za damu, macho yetu huanzia kwenye nyutrofili, zile seli nyeupe za kupambana na vijidudu, kisha pleteleti, zile za kugandisha damu. Kwa dozi nyingi tunataka nyutrofili zisipungue 1.5 na pleteleti 100. HB yako inaweza kuwa 12, umenawiri, na bado tukakurudisha nyumbani. Sababu iko kwenye uboho wa mifupa. Kemo inapiga seli zinazogawanyika haraka, na uboho ni kiwanda cha seli za namna hiyo. Seli nyekundu inaishi takriban siku 120, kwa hiyo akiba ya zamani inakubeba kwa muda. Pleteleti inaishi siku 7 hadi 10. Nyutrofili ikishaingia kwenye damu haina muda mrefu, ndiyo maana ndiyo ya kwanza kuonekana imepungua. Sasa niambie, divai inakwenda kuongeza ipi kati ya hizo tatu?

"Lakini mbona mwezi uliopita alikunywa na damu ikapanda?" Ilipanda, sibishi. Kwa dawa nyingi za mzunguko wa siku 21, damu inafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha uboho unazinduka na namba zinarudi zenyewe. Familia inaona mgonjwa amelegea siku ya 8, inanunua chupa, na siku ya 20 sifa zote zinakwenda kwa chupa. Awike jogoo, asiwike, kutakucha.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye glasi ya divai hayafiki hata miligramu 1, na tanini iliyomo inayazuia yasifyonzwe, sawa na chai ya rangi. Pombe yenyewe, ikiwa nyingi na ya kila siku, inaubana uboho, inavuruga folati (vitamini ya kutengenezea damu) na kushusha pleteleti. Yaani unampa mtu kile kile kinachomshusha. Dagaa, maini, maharage, mboga za majani: hivyo mpe, ale. Navyo havitazipandisha nyutrofili, lakini angalau ni chakula.

Upande wa pili kuna kosa linaloniudhi zaidi, kwa sababu linatokana na watu wanaotaka kututii. Mtu amekunywa bia mbili kwenye send-off ya mtoto wa dada yake, Jumatatu ana kliniki, anabaki nyumbani kwa sababu amesikia pombe "inaua dawa". Karibia kichanganyio nikuoneshe kitu. Paclitaxel, kemo nyingine, haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kiwandani huyeyushwa kwa mafuta maalumu na alkoholi, na alkoholi ni karibu nusu ya ujazo. Dozi ya miligramu 300 ni mililita 50 za dawa, humo mna alkoholi kama mililita 25. Ni sawa na bia ya nusu lita ya asilimia 5, tena tunakuingizia sisi, kwenye mshipa, kwa saa 3. Ingekuwa tone la pombe linaua dawa, hii ingekufa kwenye kichupa. Njoo kliniki, sema ulikunywa nini na lini, tutapima ini na kuamua. Dozi iliyorukwa kimyakimya inaweza kukugharimu kuliko zile bia.

Hiyo si ruhusa. Ukiwa na vidonda mdomoni, pombe ni moto. Ukiwa kwenye methotrexate, ini tayari lina kazi. Ukiwa kwenye cisplatin tunakuhimiza maji ili kuokoa figo, na bia siyo maji, inakukojoza tu. Nyutrofili zikiwa chini, kata moja ya mbege inayozunguka midomo kumi ni mwaliko wa homa. Na unayetumia mofini ya maji, hapa sina utani: mofini na pombe vinalaza upumuaji. Mtu anaweza kulala asiamke.

Metronidazole, ile dawa ya kuua vijidudu? Chuoni tulikariri kwamba ukichanganya na pombe utatapika roho. Siku hizi watafiti wanatilia shaka ushahidi wake. Nami bado naandika "usinywe pombe" kwenye bahasha, kwa mazoea na kwa woga.

Na glasi moja wiki ya tatu, mtu anakula vizuri, vipimo safi? Vitabu vinasema usinywe, basi. Madaktari ninaofanya nao kazi hawakubaliani, na hakuna kipimo cha kukata mzizi wa fitina. Pombe ilishaorodheshwa na IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, mwaka 1988 kama kisababishi cha saratani, na kwa saratani ya koo, ya umio au ya ini mimi nasema hapana bila kupepesa. Kwa wengine namwangalia mtu usoni, naangalia karatasi yake, na kuna siku nimekaa kimya.

Kundi moja tu nalikataza lisiache ghafla: wanaokunywa kila siku, hasa gongo na viroba vya zamani vilivyohamia kwenye chupa. Mzee akikata pombe kwa siku moja kwa sababu nesi kamfokea, siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anaona wadudu ukutani, anaweza kupata degedege. Ndugu wanasema saratani imepanda kichwani, wengine wanatafuta mganga. Hiyo ni pombe inadai, na inaua. Inatibika wodini, kwa dawa na vitamini B1, lakini lazima tujue kabla. Kwa hiyo dirishani kwangu nauliza unakunywa kiasi gani kwa siku, na nikiuliza, shangazi asijibu kwa niaba yako.