Je, wajua kwa nini programu ya Linux mpya hugoma kwenye Linux ya zamani?

Umekompaili programu yako, yaani umegeuza msimbo wako kuwa faili linaloendeshwa na mashine, kwenye laptopu yenye Ubuntu 22.04, moja ya matoleo ya Linux, na inakwenda vizuri. Unaihamishia kwenye seva yenye Ubuntu 20.04, unaiita, na kabla haijafanya lolote inakufa ikilalamika kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Sasa jaribu kinyume chake: ikompaili kwenye 20.04, ipeleke kwenye 22.04. Inafunguka bila kelele. Mbona barabara ni ya upande mmoja?

Programu nyingi hazibebi kila kitu zenyewe. Kufungua faili, kuomba kumbukumbu, kuandika kwenye skrini, yote hayo huyaazima kutoka maktaba ya pamoja iitwayo glibc, faili lake libc.so.6. Faili hilo moja huhudumia karibu programu zote za mashine. Namba 6 imebaki palepale tangu 1997, ingawa ndani yake mambo yamebadilika mno. Kinachozuia programu kongwe zisivunjike ni lebo: kila funksheni hubandikwa namba ya toleo, na ikibidi kubadili tabia yake, ile ya zamani huachwa na lebo yake, mpya huwekwa kando.

Umuhimu wa lebo hizo ulionekana wazi mwaka 2010. Watumiaji wa Fedora 14, aina nyingine ya Linux, walianza kusikia sauti ikikwaruza kwenye Flash Player, programu ya kuchezea video na sauti ndani ya kivinjari. Chanzo kilikuwa memcpy, funksheni ya kunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Ili kuongeza kasi, kwenye baadhi ya prosesa ilikuwa imeanza kunakili kutoka mwisho kuja mwanzo. Chukua herufi A B C D E, utake C D E zikae mwanzoni. Ukianzia mbele unapata C D E, sawasawa. Ukianzia nyuma, E inaifuta C kabla C haijahamishwa, na mwanzoni unabaki na E D E. Sheria ya lugha ya C inakataza kabisa kutumia memcpy pale sehemu mbili zinapopandana, kwa hiyo kosa lilikuwa la Flash. Lakini msikilizaji atajuaje? Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, aliingia kwenye mabishano hayo upande wa watumiaji, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.

Suluhisho lilikuja na glibc 2.14, mwaka 2011: memcpy mbili ndani ya faili moja. Kwenye mashine za biti 64 za Intel na AMD, programu za zamani zinaomba ile ya lebo GLIBC_2.2.5 na kupewa tabia ziliyoizoea. Zinazokompailiwa upya hupewa GLIBC_2.14.

Hapo ndipo siri ilipo. Kompaila huchukua lebo mpya kabisa ya kila funksheni inayoikuta kwenye mashine yako, hata kama hukuihitaji. Glibc 2.34, ya Agosti 2021, iliipa lebo mpya funksheni inayoiwasha programu yenyewe, kwa hiyo hata kiprogramu cha kuandika "Habari" tu kinaidai. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, 20.04 ina 2.31. Maktaba ya zamani haiwezi kuwa na lebo ambayo haikuwa imezaliwa.

Si maktaba zote zenye uvumilivu huu. OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, ilipobadilika kutoka libssl.so.1.1 kuwa libssl.so.3, jina lenyewe lilibadilika, na programu za zamani zilikwama hata kwenye mashine mpya.

Usije ukachukua libc.so.6 mpya ukaibandika juu ya ya zamani. Mimi niliwahi, hata ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ilikataa kufanya kazi, na cp, amri ya kunakili, ya kurudishia faili la awali nayo ikawa imekufa vilevile. Njia ya uhakika ni kukompaili kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unaotaka kuuhudumia. Watu wa Python hufanya hivyo: vifurushi vya manylinux2014 vimelenga CentOS 7, Linux kongwe yenye glibc 2.17. Na kabla ya kusafirisha faili lako, endesha objdump -T juu yake utazame lebo za GLIBC zilizoorodheshwa. Iliyo kubwa kuliko zote ndiyo inayoamua ni mashine zipi zitakufungulia.