Je, Wajua Kwa Nini Uamuzi wa Mwamuzi wa Ujenzi Hutiiwa Kwanza Hata Ukiwa na Kosa?

Tuchukue mfano wa mkandarasi anayechimba msingi wa jengo la ghorofa tatu Raskazone, jijini Tanga. Bei aliyokubaliana na mwenye mradi ni ya kuchimba udongo wa kawaida, lakini baada ya futi chache anakutana na mwamba wa matumbawe ambao sururu haiuwezi, na analazimika kukodi mashine ya kuvunjia mawe. Anadai alipwe bei ya mwamba. Msimamizi wa mradi anakataa, akisema hali ya ardhi ilipaswa kuchunguzwa kabla ya zabuni. Kila upande una hoja yenye uzito, na wakati hoja hizo zikiendelea, shimo liko wazi, vibarua wanasubiri ujira na masika yanakaribia.

Mgogoro wa namna hii ukipelekwa mahakamani unaweza kuchukua miaka, na hata usuluhishi rasmi (arbitration), ambao nao una mashahidi, nyaraka na vikao vyake, haumalizwi kwa wiki chache. Ndiyo sababu mikataba mingi ya ujenzi huweka ngazi ya kwanza iliyo nyepesi zaidi: mwamuzi, yaani mtu mmoja asiye na upande, mara nyingi mhandisi, mkadiriaji majenzi au mwanasheria anayeifahamu kazi ya ujenzi. Katika nyaraka za zabuni za Benki ya Dunia kwa kazi ndogo, mkandarasi asiyeridhika na uamuzi wa msimamizi wa mradi ana siku 14 za kulipeleka suala hilo kwa mwamuzi, na mwamuzi ana siku 28 za kutoa uamuzi wake kwa maandishi. Gharama zake hugawanywa nusu kwa nusu, awe ameshinda nani, na naona huo ni utaratibu wa busara, kwa sababu hakuna upande unaoweza kudai kwamba mwamuzi alimpendelea aliyemlipa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uamuzi huo hutekelezwa mara moja, hata kama aliyeshindwa anaamini kwamba si sahihi. Mashabiki wa uwanja wa mpira wa Mkwakwani, hapa Tanga, wanalielewa hilo kwa upande mmoja, kwa kuwa mwamuzi wa mpira akipuliza filimbi mchezo unaendelea. Tofauti ni kwamba hapa aliyeshindwa bado anaweza kwenda kwenye usuluhishi na suala lote likasikilizwa upya. Kwa hiyo, kinacholindwa katika ngazi hii ni kazi isisimame, na ukweli wa mwisho unaachiwa nafasi yake baadaye.

Kwa nini kazi isisimame? Jengo lililoachwa nusu haliwi salama kama fedha iliyowekwa benki. Hapa pwani, nondo zilizosimikwa bila kumiminiwa zege hupigwa na hewa yenye chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Maji ya mvua huingia kwenye msingi na kuta za shimo huporomoka. Mkandarasi naye hulipa mafundi, wauza kokoto na wenye mitambo kutokana na hati ya malipo ya mwezi, hivyo hati moja ikizuiwa, wanaoumia kwanza ni watu ambao hawakuhusika kabisa na mabishano ya bei ya mwamba.

Hali hiyo ndiyo iliyoisukuma Uingereza kuutungia sheria utaratibu huu. Ripoti ya Sir Michael Latham ya mwaka 1994 ilipendekeza utumike katika mikataba ya ujenzi, na sheria ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Mei 1998, ikampa karibu kila aliye kwenye mkataba wa aina hiyo haki ya kwenda kwa mwamuzi wakati wowote.

Muda si mrefu mahakama zikakabiliwa na swali gumu: je, mwamuzi akikosea hesabu waziwazi? Katika shauri la kampuni ya Bouygues dhidi ya Dahl-Jensen, mwamuzi alijumuisha katika hesabu yake fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo inayoshikiliwa hadi kazi ikamilike na kasoro zirekebishwe, ambazo muda wake wa kulipwa ulikuwa haujafika, na kwa kosa hilo Dahl-Jensen, ambayo ingepaswa kudaiwa, ikageuka kuwa mdai. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kwamba kosa lilikuwepo, lakini ikashikilia kwamba uamuzi unafunga, kwa sababu mwamuzi alijibu swali aliloulizwa, ingawa alilijibu vibaya. Hata hivyo, malipo yalisimamishwa kwa sababu Dahl-Jensen ilikuwa katika ufilisi, na fedha ikishatolewa isingekuwa rahisi kuirudisha. Naamini mahakama ilipima vizuri, kwani kulipa kwanza kuna maana pale tu ambapo kurudishiwa kunawezekana.

Mwamuzi hana ruhusa ya kufanya kila kitu. Akiamua jambo ambalo hakupelekewa, au akimnyima mmoja nafasi ya kujibu hoja za mwenzake, uamuzi wake unaweza kukataliwa na mahakama. Kosa la hesabu ndani ya mamlaka yake huvumiliwa, lakini kuvuka mamlaka hakuvumiliwi.

Hapa Tanzania mamlaka ya mwamuzi hutoka kwenye mkataba wenyewe, kwa hiyo ukurasa wa masharti maalumu ndio wa kusomwa kwanza. Huo ndio unaoonyesha kama jina la mwamuzi limejazwa na, kama halikujazwa, chombo gani kitamteua, kwa mfano Baraza la Taifa la Ujenzi. Kisha kuna siku nyingine 28, ambazo kwangu ndizo za hatari zaidi. Katika nyaraka zile za Benki ya Dunia, asiyeridhika na uamuzi ana siku 28 tangu ulipotolewa kwa maandishi za kuupeleka kwenye usuluhishi, na zikipita kimya, uamuzi uliokuwa wa muda unakuwa wa mwisho. Mwenye mradi wetu wa Raskazone akiamriwa kulipa bei ya mwamba, akalipa huku akinung'unika na siku ya 29 ikamkuta hajaandika barua, bei hiyo ndiyo itakayobaki, hata kama angekuwa na vipimo vya udongo vya kuthibitisha kwamba alionewa.